Hakuna Kuokoa Kabla ya Mgeni Rasmi

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Shwari na, kama jina linavyoeleza, haina vimbunga. Zamani vilikuwepo. Vilikuja kila mwaka mwishoni mwa masika, vikang'oa mabati, vikabeba mbuzi, vikaenda zao. Serikali ilipoona wananchi wanateseka ilipeleka jambo hilo bungeni, na neno kimbunga likafutwa kwa kura nyingi na makofi. Tangu siku hiyo tunapata upepo uliochangamka tu. Mabati bado yanang'oka, lakini hakuna anayeweza kusema yameng'olewa na kimbunga.

Nasimulia haya bila kinyongo. Mimi ni Sudi, fundi cherehani wa Mtaa wa Mteremkoni, na sina ugomvi na ofisi yoyote.

Serikali yetu ni ya tahadhari, kwa hiyo iliagiza kila mtaa uwe na Kikosi cha Kujitolea cha kukabiliana na upepo uliochangamka. Asiyetaka kujitolea aliitwa ofisini akaelimishwa mpaka akataka. Tulipewa fulana zenye picha ya Waziri wa Shwari na Tahadhari kifuani, machela moja ya turubai, tochi moja kubwa na filimbi. Tochi ilifungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mwenyekiti wetu, Ndugu Fungameza, ili isije ikaharibika kwa kutumiwa. Filimbi ilipangiwa kazi ya kupulizwa Mheshimiwa anaposhuka garini. Ilikuja pia mifuko ya mchanga, ambayo sisi kwa ujinga wetu tulidhani ni ya kuzuia maji yasiingie majumbani. Ilipangwa vizuri, ikatandikwa zulia, ikawa jukwaa la meza kuu.

Machela ina mishikio minne. Mimi nilipewa wa nyuma kushoto. Mbele kulia alipewa jirani yangu Kheri, muuza mkaa, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Mishikio miwili iliyobaki walipewa ndugu wawili wenye duka la vipuri vya baiskeli, ambao tangu siku hiyo mpaka leo hawajasema neno, kwa hiyo sitawataja tena.

Kilichokosekana ni majeruhi. Mazoezi bila majeruhi si mazoezi, alisema Fungameza, ni matembezi. Akaitwa mke wa Kheri, Bi Somoe, anayekaanga vitumbua pale njia panda, maana sauti yake ilijulikana. Alipojaribiwa ofisini alipiga yowe moja tu, na karani wa chumba cha pili akatoka mbio bila viatu. Kazi akapewa palepale.

"Nilale tu na kulia?" aliuliza Bi Somoe.

"Ulale na kulia," alisema Fungameza. "Mengine tuachie sisi."

*

Mazoezi ya kwanza yalifanyika kwenye ghala kuukuu la pamba, mali ya chama cha ushirika kilichokwisha kufa. Bi Somoe alilazwa ndani, akafunikwa mabati mabovu na vigogo vya migomba, akapakwa juisi ya rozela iliyochemshwa na sukari ili ionekane damu. Sisi tulijipanga nje kwenye mstari wa chokaa. Tukaambiwa Mheshimiwa Waziri yuko njiani.

Bi Somoe akaanza kulia. Jua lilikuwa kali. Rozela ina sukari, na sisimizi wa ghala lile walikuwa hawajaona sukari tangu ushirika ufe. Kilio kikabadilika. Alikuwa akimwita mumewe: "Baba Chiku! Baba Chiku weee!" Chiku ni binti yao aliyeolewa mbali.

Kheri alivumilia kidogo, kisha akaangusha mshikio, akaingia ndani, akarusha mabati huku na huku, akatoka na mkewe begani. Akamketisha kivulini, akamwosha, akamtafutia chai. Tulimpigia makofi. Tulidhani ndiyo kazi yenyewe.

Mheshimiwa alipofika alimkuta majeruhi anakunywa chai na kitumbua.

Sijawahi kumwona mtu mzima akihuzunika vile. Alisimama pale na hotuba yake mkononi, akamtazama Bi Somoe, akatazama migomba iliyotupwa. "Nimetoka mjini kuja kushuhudia uokoaji," alisema kwa sauti ya chini, "nanyi mmeshaokoa." Akapanda gari, akaondoka bila kugusa pilau. Mwaka mzima mtaa wetu haukuletewa bomba wala barabara. Kwa kweli na mwaka wa nyuma yake hatukuletewa, lakini safari hii tulijua sababu.

Wizara ikatoa mwongozo kwa mitaa yote, na sentensi yake ya kwanza Fungameza aliiandika kwa rangi ukutani: HAKUNA KUOKOA KABLA YA MGENI RASMI.

*

Kheri alipelekwa mafunzo. Kuna chuo cha serikali huko makao makuu kinachofundisha kusubiri. Aliporudi alikuwa amenyooka. Nilimuuliza walimfundisha nini, akasema kila asubuhi walikuwa wakiwekewa sufuria ya maziwa motoni, wanasimama wanaitazama mpaka inafurika na kumwagika yote. Aliyenyoosha mkono alirudia darasa.

"Na wewe ulirudia?"

"Mwanzoni," alisema. "Baadaye unaizoea. Unaiona inamwagika, mkono wenyewe hauna habari."

Alifaulu vizuri, akavishwa utepe.

Kuanzia hapo mazoezi yetu yakawa mfano wa nchi nzima. Tulisimama kwenye chokaa kama tumechomekwa. Mheshimiwa alipofika, filimbi ililia, risala ikasomwa, Mheshimiwa akahutubia, kisha akatamka: "Natamka rasmi kwamba uokoaji umefunguliwa." Hapo tukaingia ghalani kwa mwendo wa pole wa gwaride, tarumbeta zikipiga, tukamtoa Bi Somoe tukampitisha mbele ya meza kuu. Ili aonekane hai alitakiwa kuinua mkono na kumpungia Waziri. Alifanya hivyo vizuri sana. Rozela nayo ikaamriwa asipakwe mpaka magari yaonekane kilimani, kwa ajili ya wale sisimizi, na hilo lilitolewa mfano wa serikali inayosikiliza wananchi wake.

Bi Somoe akapata jina. Mitaa mingine ilimwazima. Alikwenda kulala chini ya migomba ya watu mpaka wilaya za mbali, akirudi na kanga na unga. Alikuwa akituchekesha jioni kwa kuigiza namna Mheshimiwa anavyokunja uso akisikia kilio. "Mwaka huu nitamtoa machozi yule baba," alisema huku akigeuza vitumbua. "Shemeji Sudi, utaona."

Hakuna aliyemfundisha mtu yeyote namna ya kufunga mguu uliovunjika, au mahali pa kuwapeleka wazee maji yakipanda. Hayo hayakuwa kwenye ratiba.

*

Mwaka juzi, ofisi inayotazama mawingu ilitangaza kwamba upepo uliochangamka utafika Alhamisi, nao umechangamka kuliko kawaida. Wizara ikakaa kikao ikaona fursa. Mazoezi yetu yalikuwa yamepangwa wiki ya pili yake. Kwa nini kufanya jambo moja mara mbili? Mazoezi yakasogezwa hadi Alhamisi, upepo wenyewe upate kusaidia mapambo.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu. Bi Somoe alifika ghalani amefunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Alimpa Kheri kitumbua kilichofungwa kwenye gazeti, akamwambia amshikie, atakila akitoka, akajilaza mahali pake. Sisi tukasimama kwenye chokaa. Yuko njiani, tukaambiwa.

Upepo ukafika kabla yake.

Viti vya plastiki viliondoka kwanza, vikavuka uwanja vyote pamoja. Hema la meza kuu likafuata. Bango la kumkaribisha Waziri lilijizungusha kwa mpiga ngoma wa bendi, likambingirisha hadi mtaroni, naye aliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyemwamuru aache. Zulia liliruka. Mifuko ya mchanga ndiyo pekee iliyobaki imara, na nilijisikia fahari kidogo kuiona. Chokaa ilikuwa imeshafutwa na mvua, lakini tulikumbuka mstari ulipokuwa, tukaendelea kuusimamia.

Kisha ukuta wa ghala wa upande wa nyuma ukaanguka. Tuliusikia miguuni zaidi ya masikioni.

Bi Somoe alikuwa akilia kilio chake cha siku zote. Akanyamaza. Upepo ulipopumua nilimsikia tena, si yowe, sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili.

"Baba Chiku. Ukuta umenilalia."

Kheri alikuwa mbele yangu. Mgongo wake haukusogea.

"Shemeji Sudi, upo hapo? Mwambie Baba Chiku ukuta umenilalia mguu."

Nikamwambia. "Kheri, anasema ukuta umemlalia mguu."

"Nimesikia," alisema Kheri.

Nilimgeukia Fungameza, aliyekuwa amejikunja nyuma ya mifuko ya mchanga na simu sikioni. "Mwenyekiti, ukuta umeanguka kweli."

"Nimeona, Sudi. Na mimi nina macho."

"Basi tuingie."

"Tuingie!" Alinitazama kama niliyetukana. "Ukimtoa sasa, Mheshimiwa akija amwokoe nani? Mnataka kumhuzunisha tena yule mzee? Mtaa huu ulishaharibu mara moja. Mtu asinyanyue mguu!"

Kutoka pale tulipokuwa mpaka mlangoni mwa ghala ni mwendo wa mtu kwenda kuazima chumvi kwa jirani. Nilitaka kwenda. Nasema hivyo kwa sababu naamini nilitaka. Lakini nilipoitafuta ile hamu ya kwenda ndani yangu niliikuta iko mbali, inazungumzwa na watu wengine, na mimi nimeshika mshikio wa nyuma kushoto.

Ndipo Bi Somoe alipoita: "Kheri."

Katika ndoa yao yote sikuwahi kumsikia akimtaja mumewe kwa jina. Wanawake wa kwetu hawafanyi hivyo. Aliita mara moja, kisha mara nyingine, na hakupaza sauti.

Mguu wa kulia wa Kheri ulitoka mbele ya mahali palipokuwa na chokaa. Ukakaa pale, ndani ya dimbwi, kiasi cha mtu kufikiri. Halafu ukarudi ukajipanga sawa na mwenzake.

*

Mheshimiwa hakuweza kufika. Barabara ilikuwa imechangamka pia. Lakini ni kiongozi anayejali, akapiga simu. Upepo ulikuwa umeshapita, vyura wanaimba, na mwanga mweupe umeenea juu ya mtaa usio na mabati. Umeme haukuwepo, kwa hiyo Fungameza alipanda juu ya mifuko ya mchanga akaishika simu hewani kwa mikono miwili, nasi tukainua nyuso kuisikiliza.

"Ndugu wananchi wa Mteremkoni," ilisema simu, "niko nanyi kimwili kupitia simu hii. Upepo ni fursa. Kuna nchi hazina upepo, zinatuonea wivu. Wapo wasioitakia mema nchi yetu, wanaosema tungejenga kuta imara. Nawauliza, kuta zikiwa imara, hiki Kikosi cha Kujitolea kitajitolea nini?"

Mtandao ukakatika. Tukasubiri. Ukarudi akiwa kwenye shukrani kwa wasaidizi wake, akakatika, akarudi kwenye historia ya wizara. Mwishoni alitamka rasmi kwamba upepo uliochangamka umefunguliwa, na uokoaji pia. Tarumbeta moja iliyosalia ikalia.

Tuliingia kwa mwendo wa pole, kwa sababu ndio mwendo tuliofundishwa. Matofali tuliyaondoa moja moja, tukiyapanga pembeni. Bi Somoe alikuwa na macho wazi. Kanga zake mbili zilikuwa nyekundu kuanzia magotini.

"Nani amempaka rozela kabla ya wakati?" aliuliza Fungameza.

Tulimlaza Bi Somoe kwenye machela. Tulimpitisha mbele ya mahali ilipokuwa meza kuu. Hakupunga mkono. Kheri alikuwa bado na kitumbua mfukoni, kimelowa na gazeti lake.

Mguu wa kulia wa Bi Somoe ulibaki hospitali ya wilaya. Taarifa ya wizara ilisema mazoezi yalifana, na kwamba majeruhi aliigiza kwa kiwango cha juu ambacho hakijawahi kufikiwa. Alizawadiwa magongo yaliyopakwa rangi za bendera. Yalikaa ofisini miezi mingi yakimsubiri kiongozi wa kuyazindua, na miezi hiyo Bi Somoe alitoka kitandani hadi jikoni kwa kujiburuza sakafuni, akishika kuta.

*

Nilikuwa kwao jioni moja, nimekaa kwenye kigoda, wakati alipomuuliza. Alikuwa anakaanga. Hakumtazama.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia," alisema Kheri.

"Nilikuita kwa jina."

"Uliniita."

"Nilidhani labda upepo."

"Hapana," alisema Kheri. "Nilikusikia vizuri."

Bi Somoe akageuza vitumbua vyote kwenye chuma chake, kimoja kimoja. Akanipakulia sahani. "Kula, shemeji, vitapoa," alisema. Nilikula. Vilikuwa vizuri kama kawaida. Kutoka siku hiyo wakawa wanaongea mambo ya mkaa na mafuta ya taa, kwa adabu, kama wapangaji wawili.

*

Mwaka huu mazoezi yalirudi. Fungameza alikwenda kumwomba Bi Somoe alale tena, akasema kwa mji huu hakuna mwenye uzoefu wake, na kwamba mguu uliopungua utamgusa sana Mheshimiwa. Nilitegemea atamfukuza na mwiko. Alisema sawa.

Ghala limebaki nusu. Alilala kwenye kivuli cha ile nusu, magongo ubavuni, tukamfunika migomba. Chokaa ilikuwa mpya. Jua kali, hakuna hata kijiupepo. Yuko njiani. Tukasimama.

Hakulia.

Watu walianza kutazamana. Fungameza alimwendea akachuchumaa. "Bi Somoe, magari yanakaribia. Anza kidogo kidogo basi."

"Nilishalia, mwenyekiti."

"Lini?"

"Siku ya upepo. Mlinisikia wote."

Fungameza akasimama, akajifuta jasho, akaenda kupiga simu kuomba maelekezo. Nilikuwa nikitazama shingo ya Kheri mbele yangu, na niliona inaanza kutetemeka.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu ninayemjua. Alilia mdomo wazi, mikono yote kwenye mshikio, amesimama wima kama alivyofundishwa, mate yanamtoka. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kheri!" alifoka Fungameza kutoka mbali. "Wewe si majeruhi!"

Hatukugeuka. Hatukufundishwa kugeuka. Kheri akaendelea, na mtaa mzima ukamsikiliza, kila mmoja kwenye nafasi yake.

Kisha migomba ikasogea. Kigogo kimoja kikabingirika, na kingine. Ukatoka mkono, likatoka gongo, halafu Bi Somoe mwenyewe, kanga imejaa majani makavu. Alisimama kwa shida. Hakuna aliyekwenda kumshika. Alivuka uwanja kwa magongo yake ya rangi za bendera, akaukanyaga mstari wa chokaa, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Kheri," alisema. "Twende nyumbani. Unga umeshaumuka."

"Mgeni rasmi hajafika," alisema Kheri, akilia.

"Hajafika. Twende."

Kheri akafungua vidole. Ilichukua muda, nadhani vilikuwa vimesahau. Mshikio ukaanguka chini. Akamshika mkewe kiunoni, upande usio na mguu, wakaondoka polepole kuelekea njia panda. Fungameza alifungua mwongozo kwa haraka, akapekua mbele na nyuma. Kulikuwa na maelekezo ya majeruhi anayekufa mapema na majeruhi anayecheka. Ya majeruhi anayeinuka akaenda zake hayakuwepo. Basi hakuna aliyewazuia.

Mheshimiwa alifika jua likiwa limeshapoa. Filimbi ikalia, risala ikasomwa, akahutubia, akatamka, nasi tukaingia ghalani tukakuta majani. Tukatoka na machela tupu. Fungameza alipiga magoti kabisa.

"Mheshimiwa, samahani. Mwaka huu hakuna majeruhi."

"Hakuna?"

"Hata mmoja, Mheshimiwa."

Waziri alifikiri. Uso wake ukang'aa taratibu. "Ndugu wananchi," alisema, "mmesikia? Hata mmoja! Tulikotoka na tulipo, nani asiyeona maendeleo?" Makofi yakapigwa, akaagiza machela ipitishwe mbele ya meza kuu apate kuipa heshima.

Tukaipitisha. Mshikio wa mbele kulia haukuwa na mtu, na kwa kuwa hakuna aliyeteuliwa kuushika, hakuna aliyeushika. Machela iliinama upande mmoja. Kona yake iliburura chini tangu ghalani hadi jukwaani, ikichora mfereji kwenye vumbi, tarumbeta zikipiga, na Mheshimiwa alisimama na mkono kifuani mpaka tukapita.

Mimi nilikuwa nyuma kushoto. Nilikuwa natazama mbele. Kutoka njia panda ilikuja harufu ya vitumbua, na hapo nikagundua kwamba mashavu yangu yamelowa, na kwamba nimekuwa nikilia kwa sauti kwa muda, sijui tangu lini. Sikuweza kuacha.

Msaidizi wa Mheshimiwa alishuka jukwaani akanisogelea. Aliniuliza kwa upole naitwa nani, na kama mwakani nitakuwa na nafasi.